Wakili wangu anacheka na wakili wa mpinzani wetu: nitajuaje kama anatusimamia?

Suali: Assalaam alaykum. Mimi ni mkaazi wa Wilaya ya Wete, Pemba. Baba yetu amefariki na ameacha shamba la mikarafuu. Warithi tunaojijua ni mama na sisi watoto wa kike watatu. Kuna mtu anadai ameuziwa shamba lote na ami yetu, ndugu wa baba. Tumeweka wakili, tumefungua kesi Mahakama ya Ardhi, na nusu ya malipo tumeshatoa. Tokea hapo kesi imeahirishwa mara tano. Kila tukienda, wakili wetu yuko nje anacheka na wakili wa mdaiwa, na siku moja tumewakuta wanakunywa chai meza moja. Watu wanatwambia ameshanunuliwa. Nikimpigia simu hunijibu "kesi inaendelea, ondoa wasiwasi". Nitajuaje kama anatusimamia ipasavyo, na nina haki ya kumtaka nini?

Jibu: Waalaykum salaam dada yangu. Naanza na chai, kwa sababu ndiyo iliyokuondolea usingizi. Mawakili wa pande mbili kuamkiana, kukaa pamoja na hata kucheka si dalili ya rushwa. Maadili ya kazi yao yanawataka waheshimiane, na heshima hiyo mara nyingi inamfaa mteja. Wakili anayesikilizana na mwenzake hupata karatasi mapema na kukubaliana tarehe inayowafaa mashahidi. Hupata pia orodha ya mambo yasiyobishaniwa, mkaepukana na siku tatu za kuthibitisha kitu ambacho hakuna anayekikataa. Wakili wa matusi na makelele huwafurahisha watu waliokaa mabenchi ya nyuma, lakini kila ombi dogo analohitaji hupingwa, na kila pingamizi linakula tarehe yenu na pesa zenu. Alichokatazwa ni kutoa siri zenu, kuahidi jambo kwa niaba yenu bila ya ridhaa yenu, au kupokea chochote kutoka upande wa pili. Hayo hayaonekani mezani kwa chai. Yakiwepo, yataonekana kwenye faili, kwa kitu kilichopaswa kufanywa na hakikufanywa. Kwa hivyo nakuomba uliangalie faili.

Tuanze na hizo tarehe tano. Kesi "kutajwa" na kesi "kusikilizwa" ni mambo mawili. Siku ya kutajwa hakuna ushahidi. Mahakama huangalia kama mdaiwa amepelekewa hati, kama ameleta majibu, kama kuna ombi au pingamizi la kisheria, kisha hupanga siku nyengine. Kesi changa ya ardhi inaweza kutajwa mara nne au tano bila ya mtu yeyote kuzembea. Siku ya kusikilizwa ni nyengine kabisa: mashahidi wenu wanatakiwa wawepo, na ikiahirishwa, sababu huandikwa kwenye mwenendo, yaani kumbukumbu za mahakama za kesi hiyo. Mwambie wakili akuandikie kila tarehe, ilipangwa kwa kazi gani, na nani aliyesababisha isiendelee. Ni karatasi moja tu. Kama hawezi kuitoa, nenda masjala ya mahakama ukaombe kuangalia faili lenu. Wewe ni mdai, una haki hiyo. Ukikuta ahirisho mbili au tatu zimeandikwa "wakili wa mdai hayupo", hilo ndilo la kushughulikia, si kicheko. Mdai asipotokea siku ya kusikilizwa, wala wakili wake, shauri linaweza kufutwa, na kulirudisha kunahitaji ombi jipya lenye sababu ya kueleweka.

Sasa nije kwenye jambo ambalo wakili mzuri angekuuliza siku ya kwanza, na ambalo katika barua yako limepita kimya. Je, marehemu alikuwa na mtoto wa kiume? Wazazi wake wako hai? Ami yenu ni ndugu wa baba na mama mmoja, na kuna ndugu wengine? Nauliza kwa sababu kwa mafungu ya mirathi ya Kiislamu jawabu linabadilisha kesi nzima. Angekuwepo mtoto wa kiume, ami asingerithi kitu. Kwa kuwa mlioachwa ni watoto wa kike watatu na mke, ninyi watatu mna thuluthi mbili kwa pamoja na mama yenu ana thumuni, yaani moja ya nane. Kinachobaki ni 5 katika 24, nacho hakirudi kwenu: huenda kwa asaba, yaani jamaa wa karibu wa upande wa baba wanaochukua kilichobaki baada ya mafungu. Ikiwa wazazi wa marehemu hawapo na huyo ami ni shakiki (ndugu wa baba na mama mmoja) na ndiye ndugu pekee aliye hai, fungu hilo ni lake. Maana yake ni kwamba alikuwa na haki ndani ya shamba, ila si shamba lote. Hoja yenu haiwezi kuwa "ami si mrithi". Hoja yenu ni kwamba hakuwa na mamlaka ya kuuza mafungu ya wenzake, na mnunuzi hawezi kupata zaidi ya alichokuwa nacho muuzaji.

Nimelikalia jambo hili makusudi. Wakili anayekwambia "kesi hii mmeshashinda" huku hajauliza suali la asaba hakusaidii, hata angekuwa mpole vipi. Kazi yake ni pamoja na kukwambia lile usilopenda kusikia, mapema, kabla hamjatumia pesa kulikanusha mbele ya mahakama jambo ambalo upande wa pili watalithibitisha kwa dakika kumi.

Hapo hapo panatoka masuali mengine mawili. La kwanza ni mahakama gani. Mgogoro wa ardhi baina yenu na mnunuzi mahali pake ni Mahakama ya Ardhi, iliyoundwa kwa Sheria Namba 7 ya 1994. Lakini suali la nani ni mrithi na kwa fungu gani, kwa Waislamu, ni la Mahakama ya Kadhi. Kesi nyingi za mashamba Pemba zinakwama hapa: mdai anaiomba Mahakama ya Ardhi imgaie mirathi, pingamizi linaletwa, na miaka miwili inapotea. Kama warithi na mafungu hayajathibitishwa, wakili wenu angetakiwa aanzie huko, au angalau awe na hati ya kuthibitisha mkononi. La pili ni nani anayedai. Shamba la marehemu ambalo halijagawiwa hudaiwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa kisheria. Angalia hati ya madai: jina lako limeandikwa kama nani? Kama umeandikwa wewe binafsi na hakuna msimamizi, muulize wakili leo hii, kwa maandishi, atalijibu vipi pingamizi la kwamba huna haki ya kushtaki. Kasoro hii ikigunduliwa mapema hurekebishwa. Ikigunduliwa kwenye rufaa, yote yaliyofanywa yanaweza kufutwa mkaanza upya.

Angalia pia shamba lenyewe ni la asili gani. La kununua, la kurithi, la eka tatu zilizogaiwa baada ya Mapinduzi ya 1964, au la wakfu, kila moja lina masharti yake. Na kwetu miti inaweza kuwa ya mtu na ardhi ikawa ya mwengine. Hati ya madai inayosema "shamba" tu, bila ya kutaja kinachodaiwa ni miti, ardhi au vyote viwili, imeacha mlango wazi. Vile vile isome hati uone imetegemea sheria zipi. Zanzibar ina sheria zake za mwenendo wa madai, za ukomo wa muda na za ardhi, na ushahidi unaongozwa na Sheria Namba 9 ya 2016. Ukikuta hati imenakiliwa kutoka kesi ya Tanzania Bara pamoja na vifungu vyake, jua haikuandikwa kwa ajili yenu.

Baada ya hapo ni ushahidi, na hapa ndipo ningetaka ukae na wakili wako saa nzima. Kuna kosa moja linalowaangusha watu kila siku, nalo ni kudhani kwamba karatasi iliyoambatanishwa kwenye hati ya madai tayari ni ushahidi. Si ushahidi. Kiambatanisho kinabaki kiambatanisho mpaka shahidi anayekijua asimame, akitambue, aombe kipokewe, upande wa pili waulizwe kama wanapinga, na mahakama ikipokee na kukipa namba ya kielelezo. Karatasi isiyopitia njia hiyo haihesabiki siku ya hukumu, hata kama hakimu ameiona kwa macho yake. Kwa hivyo muombe wakili orodha yenye safu tatu: hati gani, iko wapi asili yake, na shahidi gani ataitoa. Safu ya pili ikiandikwa "nakala", kuna kazi ya kufanya, kwa sababu mahakama hutaka hati asili, na nakala huingia tu kwa sababu zinazotambuliwa na sheria, kama vile asili kupotea au kuwa mikononi mwa mpinzani aliyepewa notisi ya kuileta. Hati ya mauziano iliyopaswa kulipiwa ushuru wa stempu na haikulipiwa nayo inaweza kukataliwa mpaka ushuru na faini vilipwe. Hilo wakili wenu aliangalie kwa pande zote mbili, kwani hati ya mnunuzi inaweza kuwa na upungufu huo huo.

Kwa shamba la mikarafuu mna ushahidi ambao watu wengi wanausahau. Karafuu huuzwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, ZSTC, na kila mauzo yana risiti. Risiti za misimu ya nyuma zenye jina la baba yenu, na baadae la mama yenu, zinaonesha nani alikuwa akichuma na kula mazao mwaka baada ya mwaka. Hazithibitishi umiliki peke yake, maana anayekodi shamba naye huuza kwa jina lake. Lakini zikiungana na maneno ya wachumaji na ya jirani wa mpaka, zinakuwa na uzito. Zitafuteni kabla ya panya na mvua. Zipangwe kwa miaka, asili zibaki kwenu au kwa wakili dhidi ya stakabadhi iliyosainiwa, na zipigwe picha.

Halafu mashahidi. Mzee anayejua mipaka asiulizwe kwa jumla. Wakili akae naye, ikiwezekana shambani: mpaka wa kaskazini unaanzia mti gani, nani yuko upande wa mtoni, nani alikuwepo ilipowekwa alama. Kumtayarisha shahidi ni halali: kumkumbusha mambo aliyoyaona, kumweleza mahakama inakwendaje, kumwambia ajibu alichoulizwa na aseme "sijui" pale asipojua. Kumfundisha aseme asichokiona ni haramu na ni jinai, na shahidi wa namna hiyo huvunjika kwenye suali la tatu. Idadi nayo isikudanganye. Shahidi mmoja wa kuaminika anatosha kuliko watano wanaokariri sentensi moja.

Siku mashahidi wa mdaiwa watakapotoa ushahidi, kaa uangalie wakili wako anauliza nini. Ikiwa shahidi wao amesema "mimi nilikuwepo, mama yao aliridhia shamba liuzwe," na wakili wenu hakumhoji juu ya ridhaa hiyo, mahakama inaweza kuchukua kwamba mmelikubali neno lile. Kulikanusha baadae kwenye hoja za mwisho hakusaidii. Ndiyo maana wakili anapaswa kuwa na daftari la masuali lililoandikwa kutokana na majibu ya mdaiwa, na wewe umpe karatasi ndogo ukisikia uongo, usimvute joho.

Msimu wa karafuu ukikaribia, litakuja suali la zuio: mnunuzi azuiwe asichume mpaka kesi iishe. Mahakama zetu hupima mambo matatu, yanayojulikana tangu kesi ya Atilio dhidi ya Mbowe ya 1969: kuwepo hoja nzito ya kuamuliwa yenye dalili ya kufaulu, hasara isiyoweza kufidika kwa pesa, na nani ataumia zaidi zuio likitolewa au likikataliwa. La pili ndilo linalowashinda watu wa mashamba. Karafuu zilizochumwa zinahesabika kwa kilo na bei inajulikana, hivyo upande wa pili watasema pesa zinatosha kuwa fidia, na watakuwa na hoja. Mikarafuu iliyokatwa ni jambo jengine, kwani mkarafuu hukaa miaka sita hadi minane ndipo uzae. Kwa hivyo wakili mwenye kufikiri hataomba tu "azuiwe". Ataomba miti isikatwe wala shamba lisiuzwe tena, na kuhusu mazao ataomba yachumwe chini ya uangalizi wa pande zote na pesa ziwekwe mahali mahakama itakapoelekeza, mpaka hukumu. Ombi la namna hii halimnyimi mpinzani haki yake, na lina nafasi kubwa ya kukubaliwa. Kiapo kinachoambatana nalo kiseme mambo, kisibishane sheria, na kila jambo ulilolisikia kwa mtu mwengine kitaje ulilisikia kwa nani. Usisaini kiapo ambacho hukukisoma, na usisaini mbali na kamishna wa viapo, afisa anayeshuhudia viapo.

Na suluhu? Wakili analazimika kukufikishia kila pendekezo kutoka upande wa pili, hata analoliona dogo, na hana ruhusa ya kulikubali wala kulikataa bila yenu. Katika kesi yenu, kwa hilo fungu la 5 kwa 24, suluhu si jambo la kudharau: huenda mnunuzi akakubali kubaki na fungu la ami, au kurudishiwa thamani yake. Mkifika huko, makubaliano yasiishie kwa sheha wala kwenye barua. Yaandikwe kwa mipaka na idadi ya miti, kiasi na tarehe ya malipo, nini kitafuata mtu asipolipa, na nani anabeba gharama. Kisha yapelekwe mahakamani yasajiliwe kuwa hukumu. Suluhu isiyosajiliwa ikivunjwa, mnaanza kesi mpya.

Kuhusu simu zenu. "Kesi inaendelea" si taarifa. Unayo haki ya kupata, baada ya kila tarehe, ujumbe mfupi unaosema nini kimefanyika, nini kimeamriwa, tarehe ijayo ni ya kazi gani, na wewe unatakiwa ulete nini. Ujumbe wa simu unatosha, mradi uandikwe. Ninyi nanyi mchague mtu mmoja wa kuzungumza naye. Warithi wanne wakimpigia kila mmoja kwa wakati wake na maelekezo yanayogongana, wakili hata mwema atachoka, na mahali pa kutoelewana ndipo makosa yanapozaliwa. Malipo yawe na mkataba unaoonesha kazi gani imelipiwa: kufungua kesi tu, mpaka hukumu, au pamoja na utekelezaji. Kila pesa iwe na risiti, na ada za mahakama zitenganishwe na ujira wake. Akikutaka umuahidi sehemu ya shamba badala ya ujira, kataa. Wakili hapaswi kuwa na maslahi yake katika mali inayogombaniwa. Thibitisha pia kama ni wakili au vakili, kwa kuwa vakili mipaka yake ni mahakama za chini, na kesi ikipanda Mahakama Kuu mtahitaji mtu mwengine.

Muulize mapema kuhusu rufaa, kwa sababu siku zake hazisubiri. Kwa mfano, kesi ikifika Mahakama ya Rufani ya Tanzania, taarifa ya rufaa huwekwa ndani ya siku 30 tangu uamuzi, hupelekewa upande wa pili ndani ya siku 14 tangu iwekwe, na rufaa yenyewe ndani ya siku 60 tangu taarifa. Nakala za mwenendo ziombwe kwa barua ndani ya siku 30 za uamuzi, na nakala ya barua hiyo apelekewe mjibu rufaa. Asipopelekewa, siku mlizokuwa mnasubiri nakala hazitolewi kwenye hesabu. Uzembe wa wakili kwa kawaida haukubaliki kuwa sababu ya kuongezewa muda, na mwombaji hutakiwa aeleze kila siku aliyochelewa. Siku ya hukumu yenyewe, kabla hamjatoka mahakamani, barua ya kuomba nakala iwe imeshaandikwa.

Sasa fanya hivi. Muandikie barua ya heshima, bila ya kutaja chai, ukiomba vitu vinne: maelezo ya tarehe tano, nakala ya hati zote zilizowasilishwa na pande zote, orodha ya hati na mashahidi, na maoni yake ya maandishi juu ya usimamizi wa mirathi na fungu la ami. Mpe wiki mbili. Saini nakala yako na mpokeaji aandike tarehe. Mawakili wengi wanaposhikwa kwa adabu namna hii hujirekebisha, na wengine utakuta walikuwa wakifanya kazi nzuri ila hawana mazoea ya kueleza.

Asipojibu, una haki ya kubadilisha wakili wakati wowote, lakini angalia kalenda: usifanye wiki ya kusikilizwa, kwani wakili mpya ataomba ahirisho na mahakama inaweza kukataa. Malizaneni hesabu, dai faili lako kwa maandishi, na wakili mpya apeleke notisi ya mabadiliko mahakamani na kwa upande wa pili. Ukiwa na ushahidi wa jambo zito, kama pesa za mteja kutumika au siri kutolewa, uliza mahakamani lalamiko la nidhamu dhidi ya wakili linapelekwa wapi, nalo liwe na tarehe na vielelezo, si maneno ya watu. Na kama pesa zimekwisha, kuna msaada wa kisheria chini ya Sheria Namba 13 ya 2018, na Kituo cha Huduma za Sheria Zanzibar kimekuwepo tokea 1992. Wasaidizi wa sheria walioko kwenye shehia watakusaidia kuandika hiyo barua, ingawa kusimama mahakamani si kazi yao. Ukienda kwao, chukua hati ya madai na zile risiti za karafuu.